Viguu vya Upande wa Kulia

Konstebo aligonga mlango wa chuma kwa rungu mara tatu, na mtu aliyelala juu ya blanketi hakutikisika. Akagonga mara ya nne, safari hii kwa hasira. Mahabusu wa chumba cha pili akapaza sauti kuuliza kama Jumapili nayo imefutwa. Yule wa kwanza aliendelea kulala ubavu wa kulia, kiganja chini ya shavu.

"Mzima kweli huyu?" aliuliza Inspekta.

"Mzima, afande. Analala hivyo tangu tumlete Alhamisi usiku. Mpaka umtikise."

Inspekta aliingia, akachuchumaa, akamgusa bega. Mzee alifumbua macho, akajiinua taratibu huku ameshika kiuno.

"Ulikuwa umelalia sikio gani, mzee?"

"Hili zima." Aligusa la kulia. "La kushoto baruti ililichukua zamani, nikipasua mawe. Nikilalia hili moja lililobaki, dunia inazimika. Ndiyo ilikuwa dawa yangu pale nyumbani. Kaka akiwasha masanduku yake ya muziki, mimi nageuka, nalala."

"Na Alhamisi?"

"Nimeshasema mara tatu, mama. Na mara zote mmeandika."

"Sema ya nne."

Mzee alipumua. "Kaka aliniita saa nane na nusu. Alitaka spika zinyanyuliwe, tutoe vile vipande vya mpira chini yake, tuweke viguu vya shaba. Tukanyanyua ya kulia. Mgongo wangu ukalia. Nikamwambia ile ya kushoto aibebe mwenyewe au aingoje kesho. Akacheka, akasema basi, hata moja inatosha, atalinganisha kulia na kushoto. Nikaenda kulala chumba cha nyuma. Saa kumi na moja naamka, nyumba kimya. Kimya cha nyumba ile kilinitisha kuliko kelele zake. Naingia, spika ya kushoto iko juu ya kifua chake. Nikaisukuma pembeni. Ndizo hizo alama za vidole mnazonishikia."

"Majirani wanasema ulitishia kuzitupa spika jalalani."

"Nilitishia kila siku, miaka kumi na mmoja. Waulize nilizitupa mara ngapi."

"Mlikuwa mnagombana."

"Tuligawana urithi, mama. Yeye alichukua masikio, mimi nikachukua mdomo." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Kesho ndiyo wananipeleka?"

"Saa tatu asubuhi."

"Kwa kumuua kaka yangu."

"Ndivyo ilivyoandikwa," alisema Inspekta, akasimama, akatoka.

Ofisini, mvua ilikuwa imepenya darini tena na ndoo ilikuwa katikati ya sakafu. Faili lilikuwa mezani, limefungwa kamba na mkuu wa kituo mwenyewe. Mkuu wa kituo alipenda mafaili yanayofungika. Hili lilikuwa limebakisha sahihi ya Inspekta tu.

Lilisema hivi. Marehemu alikuwa fundi wa studio aliyestaafu, mtu aliyerekodi muziki miaka thelathini mpaka watu wakasahau jina lake na kumwita Sikio. Alikutwa chini ya spika yake mwenyewe, ndefu hadi kifuani mwa mtu. Mtu mvivu angesema ajali. Lakini daktari hakuwa mvivu: kisogo kilikuwa kimepasuka kwa kugonga mguu wa chuma wa meza ya mashine ya kupigia sahani za muziki, na mbavu zilizovunjwa na spika hazikuvilia damu, yaani zilivunjika akiwa ameshakufa. Maana yake Sikio alisukumwa, akaanguka, akafa. Kisha mtu mwingine akamwangushia spika juu yake ili ionekane ndiyo iliyomuua. Na katika nyumba ile mtu mwingine alikuwa mmoja tu.

"Mzee ana mgongo mbovu," Inspekta alikuwa amemwambia mkuu wa kituo.

"Kuangusha si kunyanyua," alijibiwa.

Kulikuwa na mtu wa pili aliyefika pale Alhamisi, fundi wa kukereza vyuma, swahiba wa marehemu, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Shaba. Jirani alimwona akiingia getini saa tisa. Mwenyewe hakukana. Alisema alikuta sahani inaimba, akasimama kidogo nje ya mlango wa chumba, akaondoka. Alama zake za vidole zilikuwa kila mahali mle ndani, lakini alikuwa akienda pale kila Jumamosi kwa miaka ishirini, kwa hiyo hazikuwa na maana yoyote. Tena kulikuwa na barua. Ilikutwa kwenye droo, imeandikwa Alhamisi ile ile asubuhi kwa mkono wa Sikio, isomwe kwenye kikao cha wasikilizaji wa muziki waliokutana kwake kila Jumamosi. Wasikilizaji walikuwa wanabishana mwezi mzima kama viguu vya shaba anavyokereza Fundi Shaba vinabadilisha sauti ya spika kweli au ni mapambo. Walimpa Sikio kazi ya kuamua. Barua ilisema vinabadilisha.

"Nani anamuua hakimu aliyempa ushindi?" mkuu wa kituo alikuwa ameuliza.

"Chukua koti," alimwambia konstebo. "Tunakwenda kwa Fundi."

"Kwenye mvua hii? Leo tumekuwa kiguu na njia, afande." Konstebo alikuwa amebakisha miezi minne kustaafu na alihesabu kila hatua.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye taa moja. Jumapili ilikuwa Jumapili kwa wengine. Fundi Shaba alikuwa ameinamia mashine yake, na nyuzi nyembamba za shaba zilikuwa zikidondoka miguuni pake. Alikuwa mtu mkubwa, mikono yake mizito, ndevu zimeota siku tatu. Alipowaona alizima mashine.

"Karibuni. Mtaniwia radhi. Mikono ikikaa bure, kichwa kinaanza kazi."

"Pole kwa msiba," alisema Inspekta.

"Nimepoa, mama. Nitafanyaje." Alipangusa kiti kwa kitambaa. "Yule mdogo wake mmemfanyaje?"

"Kesho anapelekwa mahakamani."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akatazama sakafu.

Juu ya trei palikuwa na viguu kama arobaini, vimepangwa safu. Inspekta alichukua kimoja. Kilikuwa kizito kuliko umbo lake, kinene juu na chenye ncha chini, kirefu kama kidole gumba.

"Nifundishe. Kinafanya nini?"

"Spika ikiimba inatetemeka," alisema Fundi, na sauti yake ikapata uhai. "Mtetemo unashuka sakafuni, sakafu inatetemeka nayo, inaurudisha. Unachosikia si muziki tu, ni muziki na sakafu. Besi inavimba. Sasa weka viguu vitatu, viwili mbele, kimoja nyuma. Spika inasimama kwenye ncha. Inatulia. Mwimbaji anakuja mbele, unasikia mpaka anavyovuta pumzi."

"Kwangu redio ikikoroma naipiga kofi," alisema konstebo. "Inaimba vizuri tu."

Fundi hakucheka.

"Nauliza tu, mzee wangu," konstebo aliendelea. "Kijichuma kama hiki? Mtu akitoka kazini amechoka, ataisikia tofauti kweli?"

"Mwenye masikio anasikia."

"Tungoje basi mwenye masikio. Sisi wengine ni sikio la kufa, halisikii dawa."

Inspekta alimtupia jicho. Kumtajia Fundi sikio la kufa siku tatu baada ya Sikio kufa! Konstebo akagundua alichosema, akakohoa. Lakini Fundi alikuwa ameshachomwa, na si kwa ajili ya marehemu.

"Wewe unacheka," alisema. "Alhamisi nilisimama nje ya mlango wake. Mlango umefungwa, umewambwa blanketi kwa ndani. Sahani inaimba. Sikubisha, kwetu mtu akisikiliza humkatizi, unangoja upande wa sahani uishe. Na pale nje, sijaona kitu, nilisikia kwamba ameweka viguu. Upande wa kulia tu. Kulia kumetulia, kushoto bado kumevimba. Nikasema moyoni, huyu leo analinganisha. Nikamwacha na kazi yake."

Konstebo aliandika. Inspekta aliendelea kukizungusha kiguu kati ya vidole.

"Hilo hukulisema Ijumaa."

"Mliniuliza nilifika saa ngapi, hamkuniuliza nilisikia nini."

"Umeingia kwenye chumba kile tangu siku ile?"

"Nitaingiaje? Mmezungusha utepe tangu Alhamisi jioni."

"Kuna aliyekusimulia kilivyokutwa?"

"Nani anisimulie? Hata binti wa marehemu hajui. Mlimzuia mlangoni."

"Ni kweli," alisema Inspekta. Akakirudisha kiguu kwenye safu, taratibu, mahali pake pale pale. "Saa kumi na nusu nitakuomba uje pale nyumbani. Kuna jambo la sauti linanishinda, nahitaji mtu mwenye masikio."

"Nitakuja," alisema Fundi, na alionekana kama mtu aliyefarijika.

Nje, konstebo alifungua mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. "Afande, si habari njema hizi? Mdogo mtu amesema waliweka viguu kulia tu. Hatukumwamini. Sasa Fundi amesema hivyo hivyo. Mzee amepona."

"Amesema zaidi ya kumponya mzee." Inspekta hakuingia chini ya mwavuli. "Viguu viliwekwa saa nane na nusu. Waliojua ni wawili. Mmoja amekufa, mwingine yuko kwetu na hajaonana na mtu. Fundi amejuaje?"

"Amesikia. Si amesema?"

"Ndiyo. Kama viguu vile vinabadilisha sauti, Fundi ni shahidi mzuri na namshukuru. Kama havibadilishi, hakusikia. Aliona. Na kuviona ni mpaka aingie."

Konstebo alisimama katikati ya dimbwi. "Kwa hiyo kazi yetu leo ni kujua kama vile vijichuma vinafanya kazi?"

"Kazi yetu ni kujua kama yeye anasikia."

Binti wa marehemu aliwafungulia mlango. Alikuwa muuza dawa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa kanga mbili na sweta la baba yake. Hakuuliza kama wamepata jambo. Aliuliza tu kama Baba Mdogo amekula.

"Amekula," alisema Inspekta, ingawa hakuwa na hakika. "Alhamisi asubuhi ulipita hapa?"

"Nilipita saa tatu, nikafagia kama kawaida. Spika zote zilikuwa juu ya vipande vya mpira. Nazijua, dada, ufagio unakwama pale kila siku."

"Huyu Fundi Shaba alikuwa mtu wa namna gani kwa baba yako?"

"Ndugu. Mama alipofariki, ndiye aliyelala hapa sebuleni siku arobaini." Alikunja mikono ndani ya sweta. "Dada, Baba Mdogo hawezi. Ana kelele tu. Yeye ndiye aliyemkata baba kucha za miguu baba alipovunjika nyonga. Mtu hamkati mwenzake kucha halafu akamuua."

Inspekta hakumwahidi kitu. Alikuwa ameshaona watu waliokatana kucha na kuuana. Alitoa utepe, akaingia chumbani.

Mle ndani hewa ilikuwa imelala. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magodoro mapana yaliyoshonewa kitambaa, ukutani rafu za sahani kutoka sakafuni hadi darini, katikati kiti kimoja. Chumba kizima kilikuwa kimejengwa kwa ajili ya mtu mmoja kukaa mahali pamoja. Alama ya chaki ilikuwa bado sakafuni, karibu na spika ya kulia. Inspekta alitoa picha za Ijumaa akazipanga juu ya kiti: spika ya kulia wima juu ya viguu vitatu, ya kushoto chini, vipande vyake vya mpira vimetawanyika, na viguu vyake vitatu bado viko rafuni. Viguu vyote sita walivichukua siku ile ile, vikafungwa kwenye mfuko wa vielelezo, na spika zote mbili zikasimamishwa tena juu ya mpira.

Alichagua sahani iliyokuwa juu ya mashine Alhamisi, mwanamke mmoja na gitaa. Akageuza kitufe cha sauti mpaka kwenye alama ya penseli aliyokuwa ameiacha marehemu. Akakaa kitini, akafumba macho, akasikiliza wimbo mzima.

"Nini, afande?"

"Mwanamke anaimba," alisema Inspekta. "Mimi si kipimo. Sasa sikiliza vizuri. Fundi atakaa nje, mlango umefungwa. Wewe utakuwa humu. Utapiga wimbo huu mara tano. Katikati, vuta kiti, guna, gonga sakafu kama mtu anayebeba mzigo."

"Na viguu niviweke wapi?"

Inspekta alimweleza. Konstebo akavua kofia, akajikuna kichwa.

Fundi Shaba alifika saa kumi na nusu kamili, amenyoa ndevu, amevaa shati safi. Alimshika binti mkono kwa mikono yake miwili, akamwita mwanangu. Kisha akaketi kwenye kigoda nje ya mlango wa chumba, mgongo wima, kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari. Binti aliwaletea chai, akabaki amesimama kwenye kizingiti cha jiko.

"Mdogo wa marehemu anasema viguu viliwekwa kulia tu," alisema Inspekta. "Wewe umesema ulisikia hivyo. Maneno yako yanaweza kumtoa ndani. Lakini hakimu ataniuliza kama kweli mtu anaweza kusikia kitu kama hicho akiwa nje ya mlango. Nisaidie nimjibu."

Fundi alitazama jikoni alikosimama binti, kisha mlango uliofungwa.

"Weka sahani," alisema.

Mwanamke akaimba. Kwenye korido sauti ilikuja hafifu, imefunikwa blanketi. Fundi alifumba macho. Uso wake ukalainika, na kwa dakika tatu alikuwa mtu mwingine, mdogo kwa miaka ishirini.

"Kulia vipo," alisema. "Kushoto hakuna. Kama Alhamisi."

Inspekta aliandika. Ndani, konstebo alivuta kiti, akaguna kama mbeba magunia, akagonga sakafu. Sahani ikarudi mwanzo.

"Sasa amevitoa. Pande zote mpira. Besi imejaa maji."

Mara ya tatu alichelewa kidogo. "Vimewekwa pande zote." Alitabasamu bila kufumbua macho. "Unasikia pumzi yake? Hapo, kabla ya neno. Unasikia?"

Mara ya nne alisema kushoto tu. Mara ya tano alisema pande zote tena, na akaongeza kwamba konstebo ameviweka vibaya, kimoja hakijakaa sawa.

Inspekta alifunga daftari. Aligonga mlango, konstebo akafungua.

"Ingia ukaangalie, Fundi."

Fundi aliingia. Alikwenda moja kwa moja kwenye spika ya kulia, akapiga magoti, akapitisha vidole chini yake. Akaenda ya kushoto, akafanya vile vile. Alibaki amepiga magoti.

"Ameviondoa sasa hivi."

"Mzee wangu, mimi sijanyanyua kitu," alisema konstebo, na safari hii hapakuwa na utani sautini mwake. "Nilikuwa naguna tu."

Inspekta alimwonyesha hati ya stoo ya kituo, yenye mhuri wa Ijumaa. "Viguu sita vya shaba. Havijatoka kwenye mfuko tangu tulipovichukua. Mara zote tano ulisikiliza mpira. Umepata mara moja."

"Leo kichwa hakijatulia. Nina msiba."

"Turudie. Mara kumi, mara ishirini. Tuna mpaka saa tatu asubuhi. Mimi natamani usikie, Fundi, nakwambia ukweli. Ukisikia hata mara nane kati ya kumi, umesema kweli juu ya Alhamisi, narudi na kuomba radhi. Usiposikia, basi Alhamisi ulijua kwamba ni kulia tu kwa sababu ulikuwa humu ndani, saa ile ile ambayo unasema ulisimama nje."

Mvua ilikuwa ikipiga juu ya bati. Fundi alitazama kitufe cha sauti, akatazama alama ya penseli. Angeweza kusema alibahatisha. Inspekta alikuwa amejiandaa kwa hilo, na alijua kwamba mwanasheria yeyote angemshauri aseme hivyo. Lakini kusema alibahatisha ilikuwa kusema kwamba hakuna cha kusikia, na mtu huyu alikuwa amekereza viguu kwa miaka ishirini.

"Hakuna haja ya kurudia," alisema.

"Konstebo, andika."

"Nilibisha hodi sahani ilipoisha. Alifurahi kuniona. Akaniambia kaa kitini, kitini kwake, hajawahi kumkalisha mtu pale. Akaweka sahani. Akageuza sauti kulia, akageuza kushoto. Akaniuliza, unasikia? Nikasema nasikia. Akasema, ndugu yangu, mimi sisikii. Sijawahi kusikia, hata siku moja, hata vile vya kwanza ulivyoniletea." Aliongea akiwa bado magotini. "Miaka ishirini aliniambia vinaimba. Mbele ya watu. Mimi nilikuwa natengeneza bawaba za madirisha, mama. Yeye ndiye aliyenifanya mtu. Kumbe alikuwa ananihurumia."

"Ukamsukuma."

"Alikuwa anaendelea kusema. Alisema 'lakini'. Sikumngoja amalize."

Kwenye korido kikombe cha binti kiligonga kisahani chake. Inspekta hakugeuka.

"Halafu?"

"Sahani ilikuwa inaimba. Nikakaa mpaka ikaisha. Sijui kwa nini, ni mazoea. Halafu nikaangusha spika."

"Kwa nini ya kushoto? Alianguka karibu na ya kulia. Ilibidi uiburute."

Fundi alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie chumbani, kana kwamba swali lile lilikuwa la mtu asiyejua kazi.

"Ya kulia ilikuwa na viguu," alisema.

Konstebo aliacha kuandika. Inspekta alimpa ishara aendelee. Kisha akafungua mkoba, akatoa bahasha ya Sikio, ile ya droo. Angeweza kuiacha. Haikuhitajika tena kwa ushahidi, na hakuna kanuni iliyomlazimisha. Lakini alikumbuka mzee aliyelala juu ya blanketi siku tatu kwa ajili ya mtu huyu, na hasira ilimpanda.

"Unajua kusoma mwandiko wake?"

Fundi aliipokea. Macho yake yalikwenda juu ya karatasi, yakasimama, yakarudi mwanzo. Akairudisha.

"Nisomee mwisho, mama. Sioni vizuri."

Inspekta alisoma kwa sauti ya kawaida, kama anavyosoma maelezo ya kila mtu. "'Mmeniuliza kama viguu vinabadilisha sauti. Jibu langu ni ndiyo. Anayebisha aje abishane na mimi, asimsumbue aliyevikereza.' Imeandikwa Alhamisi, asubuhi. Ulipofika ilikuwa imeshafungwa kwenye bahasha."

Fundi hakulia. Aliinama mpaka paji la uso likagusa pembe ya spika, akabaki hivyo, na konstebo ilibidi amsaidie kusimama ili amfunge pingu. Alipopita kwenye korido, binti wa marehemu alirudi nyuma hatua moja, akajibana ukutani.

Mkuu wa kituo alisaini hati ya kumwachia mzee kabla ya giza kuingia, huku akilalamika kwamba itabidi faili lichapwe upya. Binti alikuja na koti la kumfunika baba yake mdogo. Mzee alisikiliza habari yote kwa sikio lake zima, kichwa ameinamisha. Alipomaliza kusikiliza alisema anataka kwenda nyumbani.

Inspekta aliwafikisha kwa gari. Aliingia mpaka ndani kurudisha ufunguo wa chumba, na alikuta mzee ameshapanda kitandani na viatu vyake, binti anamvua kimoja kimoja. Nyumba ilikuwa kimya. Mvua nayo ilikuwa imekatika.

Mzee aligeuka. Alilalia ubavu wa kushoto, sikio zima limebaki juu.

"Baba Mdogo," alisema binti, "mbona leo umegeukia huko? Hutapata usingizi."

"Acha tu," alisema mzee. "Huenda kaka akawasha."